Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyeishi kwa wino

Siku hizi ujumbe unaandikwa na kufutwa kwa kidole, basi. Shaaban Robert hakuwa na anasa hiyo. Maneno yake yalipita kwenye wino na karatasi, na mengi tunayoyajua juu yake leo yapo kwa sababu kuna mtu alizitunza zile karatasi.

Alizaliwa 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Ni pwani ileile inayoanzia Moa, jirani na mpaka wa Kenya, na kushuka hadi Pangani. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini mwenyewe alijihesabu Mswahili.

Baada ya kusoma Dar es Salaam, mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, Pangani ikiwa moja ya vituo vyake. Baadaye alihamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi hadi 1960.

Kabla ya bic

Karani wa enzi hizo alichovya kalamu kwenye kidau, akaandika mistari michache, akachovya tena. Mwenye uwezo alinunua kalamu ya wino yenye kifuko cha mpira ndani: unazamisha nibu kwenye chupa, unaminya, unaachia, wino unapanda.

Bic ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Katriji za plastiki, zile za kuchomeka na kuendelea kuandika, nazo zilienea miaka hiyohiyo. Wakati huo Shaaban alikuwa amebakiza miaka kama kumi tu ya ukarani.

Mtumishi aliyeandika Kusadikika

Nje ya ofisi aliandika mashairi, tenzi, insha na riwaya. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, kisa cha nchi iliyo angani ambako wanaoleta mawazo mapya wanaishia gerezani. Wasomaji wengi waliiona humo serikali ya kikoloni. Na kumbe mwandishi alikuwa bado anakula mshahara wa serikali hiyohiyo!

Barua kwa mdogo wake

Kuanzia 1931 hadi 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Yusuf hakuzitupa. Miaka ikapita, na mwaka 2002 zikatoka kama kitabu. Zingechomwa au kuliwa na mchwa, sauti yake ya nyumbani ingepotea kabisa.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Akazikwa Machui. Karatasi zake ziliendelea na safari bila yeye: Kufikirika kilichapishwa 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna sanduku la barua za babu, iwe Moa au Pangani, usikimbilie kuwashia moto. Zitoe kwenye unyevu, zipige picha kwa simu, kisha zirudishe mahali pakavu. Wino wa zamani hauna nakala nyingine.