Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyewaambia Watu Ukweli

Kila ifikapo Desemba, mtu apitaye katika soko la Owino mjini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, hulakiwa na sauti moja. Baina ya mirundo ya mitumba na vibanda vilivyobanana karibu na uwanja wa Nakivubo, wachuuzi hupiga nyimbo za Sekukulu, yaani Krismasi, zilizoimbwa kwa Kiganda na marehemu Philly Bongoley Lutaaya. Wanunuzi huziitikia huku wakichagua nguo za watoto. Wengi wao ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku mwimbaji huyo alipoaga dunia, na pengine hawajui kwamba alifariki siku 10 tu kabla ya Krismasi. Tena hawajui kwamba katika mwaka wake wa mwisho wapenzi wa muziki wake waligawanyika vikali juu yake.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, maisha ya mtu huyu. Twafanya hivyo kwa sababu ushujaa wake ulikuwa wa aina ambayo askari hafundishwi katika uwanja wa gwaride, ingawa anauhitaji sawa na raia yeyote.

Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951, na asili yake ni Gomba, katika Buganda. Aliingia katika muziki mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana mdogo, wakati bendi za dansi za Kampala zilipokuwa zikishindana na zile za Kongo na Kenya. Alikuwa mmoja wa wanamuziki wa Cranes Band, bendi iliyolea vipaji vingi vya nchi hii. Baadhi ya wenzake wa hapo, akiwamo Moses Matovu, ndio walioanzisha Afrigo Band mwaka 1975. Lutaaya naye alisafiri, akapiga muziki katika nchi za jirani, na hatimaye katika miaka ya 1980 akaweka makazi yake mjini Stockholm, Sweden. Miaka hiyo Uganda ilikuwa imechoshwa na vita na misukosuko, na wasanii wengi walikuwa wametawanyika ughaibuni kutafuta riziki.

Ugenini hakuisahau nchi yake. Pamoja na Waganda wenzake waliokuwa huko alitoa santuri iliyoitwa Born in Africa, ambayo ilipofika nyumbani ilipokewa kwa shangwe kubwa. Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imepata serikali mpya mnamo Januari 1986, watu walikuwa na hamu ya kufurahi, na hapa palikuwa na mwana wao aliyeimba kwa fahari juu ya Afrika na kwa uchungu juu ya nyumbani alikokukosa. Kanda zake zilinunuliwa, zikanakiliwa, zikapigwa katika mabaa, katika teksi na masokoni. Si ajabu basi kwamba wapenzi wake walimngojea awaletee dansi nyingine kama ile.

Lakini wakati huohuo adui mwingine alikuwa amekwisha kuingia nchini. Tangu mwaka 1982 watu wa Rakai, karibu na ziwa Victoria, walikuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa walioupa jina la silimu, ambao leo twauita UKIMWI. Hata jeshi halikusalimika. Rais Museveni amesimulia kwamba mwaka 1986, alipohudhuria mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Rais Fidel Castro wa Cuba alimweleza kuwa kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa wamekutwa na virusi. Habari hiyo iliishtua serikali, na kampeni dhidi ya ugonjwa ikaanza kwa nguvu. Hata hivyo, kampeni ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Kila mtu alisikia habari za ugonjwa, lakini hapakuwa na mtu mashuhuri aliyethubutu kusimama na kusema kwamba anao. Wagonjwa walifichwa vyumbani, na katika matanga chanzo cha kifo kilitajwa kuwa malaria au uchawi.

Ndipo mwezi wa Aprili 1989 Lutaaya alipokuja nyumbani kutoka Sweden akatangaza hadharani kwamba yeye ana UKIMWI. Alikuwa na umri wa miaka 37, mwenye jina kubwa na mapenzi ya watu, na hapakuwa na sheria wala amri iliyomlazimisha kusema. Angaliweza kubaki Stockholm, akatibiwa kimya kimya, na nyumbani akakumbukwa kwa dansi zake tu.

Wapenzi wake waliyapokea maneno hayo kwa namna mbalimbali. Wapo walioyaamini papo hapo wakalia kama waliofiwa. Wapo, na hawakuwa wachache, waliokataa kabisa. Walimtazama wakaona mtu mwenye mwili mzuri na mavazi nadhifu, wakauliza ni mgonjwa gani wa silimu aliye na afya namna ile. Wengine walidai kwamba amelipwa ili kuwatisha watu, au kwamba anatafuta njia ya kuuza santuri mpya. Wengine tena walikasirika, kwa kuwa waliona mwimbaji wao amejivunjia heshima na kuwavunjia wao furaha yao.

Kisha ulikuja wimbo wenyewe, Alone and Frightened, alioutoa mwaka huohuo wa 1989. Haukuwa wimbo wa kuchezea dansi. Ulikwenda polepole, ukazungumzia upweke na hofu ya mtu ambaye wenzake wamemkimbia, kisha ukawataka watu washikamane wapigane na ugonjwa. Aliyezoea kuinuka kitini asikiapo Lutaaya, sasa alitakiwa kutulia na kujifikiria. Twaamini kwamba hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa ubishi wote. Msikilizaji aliyekubali kuwa Lutaaya ni mgonjwa kweli alilazimika pia kujiuliza habari zake mwenyewe na za nyumba yake, na kwa mtu mwenye hofu ilikuwa rahisi zaidi kusema kwamba mwimbaji huyo ni mwongo.

Lutaaya hakushindana nao kwa maneno. Alizunguka nchini akienda katika shule na makanisa, akiimba na kujibu maswali ya vijana, na huku nguvu zikimwishia. Wale waliosema kwamba ana afya mno wakamwona akikonda mbele ya macho yao. Mwili wake ukawa ndio ushahidi aliodaiwa. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989 katika hospitali ya Nsambya, Kampala, akiwa na miaka 38, akazikwa nyumbani kwao Gomba. Ubishi ulizikwa pamoja naye, na wengi waliomdhihaki wakabaki na majuto.

Kazi yake haikufa. Filamu iliyotengenezwa na John Zaritsky wa Kanada kuhusu miezi yake ya mwisho ilitoka mwaka 1990 na kuonyeshwa katika nchi nyingi. Mpango wenye jina lake, Philly Lutaaya Initiative, uliwapeleka watu wenye virusi mashuleni na vijijini ili watoe ushuhuda. Ndani ya jeshi letu Meja Rubaramira Ruranga alijitokeza hadharani katika miaka ya 1990 akasema kwamba anaishi na virusi, na akawa mtetezi wa wenzake kwa miaka mingi. Kiwango cha maambukizi, kilichokuwa cha kutisha mwanzoni mwa miaka hiyo, kilishuka. Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 6.2 ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wana virusi. Dawa ambazo Lutaaya hakuzipata zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na mtu azimezaye kila siku bila kukosa huweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi na kulea watoto wake.

Asilimia 6.2 ni watu wengi mno, na askari hana kinga ya peke yake. Maisha yake ni ya kuhamishwa mara kwa mara, ya kukaa mbali na mke au mume, ya kupokea mshahara akiwa ugenini. Anaweza kuwa hodari mbele ya risasi, lakini akaogopa kuingia katika zahanati ya kambi kupimwa damu. Anaweza pia kumcheka mwenzake amwonapo akichukua dawa, asijue kwamba kicheko hicho humfanya mwingine azifiche dawa zake, akaacha kuzimeza, akafa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hili Lutaaya alilijua mapema kuliko wengi wetu.

Basi, ndugu askari, ukipita Owino Desemba ijayo ukasikia sauti ile ya Sekukulu, mkumbuke mwenye sauti. Ikiwa hujapimwa, nenda ukapimwe. Ikiwa umekwisha kupewa dawa, zimeze bila kukosa. Na ikiwa mwenzako wa hema moja atakueleza siri yake, mpokee kwa heshima, maana amefanya lile ambalo Lutaaya alilifanya peke yake mwaka 1989.