Maia Carberry, mwalimu aliyeanguka na mwanafunzi wake

Mwaka 1925 meli ilishusha Mombasa ndege ya mbao aina ya DH.51, mali ya John Carberry, mlowezi kutoka Ireland. Iliitwa Miss Kenya, na baadaye ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege la Kenya. Historia ya urubani humtaja sana Carberry. Mkewe Maia hupitwa haraka, ilhali kwa maoni yangu yeye ndiye wa kutajwa kwanza.

Alizaliwa 1904, jina lake la usichana likiwa Anderson. Aliishi na mumewe katika shamba la Seremai, Nyeri. Meru na Embu ziko upande wa pili wa Mlima Kenya, na msimu wa mvua barabara za huko zilikuwa tope tupu. Si ajabu walowezi waliitamani ndege. Lakini Maia hakutosheka kuwa abiria. Alijifunza kurusha, akawa miongoni mwa wanawake marubani wa mwanzo kabisa Kenya, kisha akaanza kuwafundisha wengine.

Kazi hiyo ndiyo iliyomuua. Katika ndege nyepesi za mafunzo za enzi hizo, mwalimu na mwanafunzi walikaa mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na usukani wake, wakisemezana kwa bomba kwa sababu ya kelele za injini. Ndege ikipungua mwendo kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba. Ikiwa juu sana, mwalimu huwahi kuishika. Ikiwa chini, karibu na uwanja, hana nafasi, hata awe hodari vipi.

Tarehe 12 Machi 1928, Maia alikuwa angani na mwanafunzi wake kwenye uwanja wa Barabara ya Ngong, Nairobi. Ndege ilianguka, wote wawili wakafa. Bintiye Juanita hakuwa ametimiza miaka 3.

Mwaka uliofuata Florence Wilson alianzisha Wilson Airways jijini humo, na 1936 Beryl Markham, aliyekulia Kenya, akavuka Atlantiki peke yake. Nairobi ikapata hospitali ndogo yenye jina la Maia. Miss Kenya ingali inatunzwa Uingereza, katika makumbusho ya Shuttleworth. Juanita alipokua aliingia kazi ya meli, akawa baharia kwa miaka mingi.