Robert Bosch, fundi aliyetuachia plagi

Tuseme Kombi ya zamani ya Volkswagen, ile yenye kitanda na jiko ndani, imetoka Bunda inaelekea Butiama. Ikifika Kiabakari injini inaanza kumisi na kutetemeka. Dereva anafunga plagi mpya. Kabla ya Makutano inamisi tena. Wengi hapo humlaumu muuza duka kwamba plagi ni feki, na pengine ni kweli. Lakini mara nyingi plagi imeleta taarifa tu, ugonjwa wenyewe uko kwenye silinda hedi. Leo tunamtazama mtu ambaye karakana yake iliifanya plagi kuwa kifaa cha kutegemewa.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Baba yake alikuwa mkulima mwenye nyumba ya wageni. Kijana alijifunza ufundi wa vifaa vidogo, akafanya kazi Marekani kwenye kampuni ya Thomas Edison na Uingereza kwenye kampuni ya Siemens, kisha akarudi kwao. Novemba 1886 akafungua karakana ndogo Stuttgart. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya shida, na kwa wateja alikuwa akienda kwa baiskeli.

Mwaka 1887 alitengeneza magineto kwa ajili ya injini isiyotembea, na mwaka 1897 akaifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu. Ilifanya kazi, ila cheche ilitegemea vipande vya chuma vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda, kwenye moto wenyewe. Vilichakaa upesi. Aliyemaliza tatizo hilo ni fundi wake Gottlob Honold, aliyeingia kwenye karakana hiyo akiwa kijana mdogo. Mwaka 1902, wakati Musoma ikiwa bado chini ya Wajerumani, kampuni ilipata hati ya magineto ya umeme mkali pamoja na plagi yake. Cheche sasa iliruka yenyewe kwenye nafasi ndogo, bila kitu chochote kutembea ndani ya silinda. Bosch hakuwa wa kwanza duniani kufikiria plagi. Alichofanya ni kuifanya iaminike.

Kwa kuwa ncha ya plagi inakaa ndani ya silinda, hutoka na alama za yaliyomo. Fungua zote injini ikiwa imepoa, uzipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, kagua ringi na valvu. Nyeupe yenye malengelenge ina maana kwamba silinda inachemka kupita kiasi. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, usiwashe injini wala kuendelea na safari, maana pistoni inaweza kuwa inayeyuka.

Sasa badilisha nafasi: plagi inayoshukiwa iweke silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, acha kununua plagi, kagua waya wake, kisha pima kompresheni. Kwenye Kombi zinazopozwa kwa hewa, hedi ni ya aluminiamu, na ufa hupenda kutokea kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu baada ya injini kuchemka. Nyuzi za tundu nazo huliwa na fundi anayekaza kwa nguvu. Plagi isiyoshika vizuri hupitisha hewa, na utasikia mlio wa kupumua kila mzunguko. Kwenye injini za maji, plagi moja iliyo safi kama imeoshwa, huku maji yakipungua kwenye rejeta, inaelekeza kwenye gasketi ya hedi au ufa.

Bosch alitajirika. Mwaka 1906 aliweka siku ya kazi ya saa 8, akiwa miongoni mwa wa kwanza Ujerumani, ingawa mwaka 1913 wafanyakazi wake waligoma vilevile. Vita vilipoanza 1914, Uingereza ilijikuta ikitegemea magineto za adui. Faida ya vita hivyo aliielekeza kwenye kazi za jamii. Alikuwa pia na shamba kubwa la mifugo kusini mwa Munich. Mwanawe wa kiume, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki mwaka 1921 baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Miaka ya Hitler haielezeki kirahisi. Bosch na wasaidizi wake wa karibu waliwasaidia Wayahudi na wapinzani wa utawala kwa siri. Viwanda vyake navyo vilitengenezea jeshi vifaa, na maelfu ya watu walilazimishwa kufanya kazi humo.

Alifariki Stuttgart tarehe 12 Machi 1942, miaka miwili baada ya kufungua hospitali aliyoijenga mjini humo. Mwaka 1964 sehemu kubwa ya hisa za kampuni ilikwenda kwenye taasisi ya hisani, na hospitali hiyo bado inatibu watu.