Mtoto wa Mvita Katika Shule ya Watawa: Maisha ya Yusuf bin Hasan



Katika vijitabu vya yubile tumezoea kusoma maisha ya watakatifu. Husomwa habari za Sesilia msimamizi wa waimbaji, au Agostino na mama yake Monika. Safari hii tumechagua mtu ambaye hakuwa mtakatifu. Ni mwana wa kisiwa hiki hiki. Alibatizwa, akasomeshwa na mapadre, akafunzwa sala na ibada kama tulivyofunzwa sisi, na mwisho akamwaga damu ya Wakristo wa Mombasa. Nyumbani aliitwa Yusuf bin Hasan. Kwenye ubatizo alipewa jina la Jerónimo, na Wareno wakamwita Dom Jerónimo Chingulia.

Tunapowakumbuka Mashahidi wa Mombasa, yeye hutajwa kama muuaji tu, kisha tunaendelea. Ni kweli aliua. Lakini miaka mingi kabla ya siku hiyo alikuwa mtoto mgeni katika shule ya watawa, mwaka wake wa kwanza mbali na kwao. Sisi tunaolea watoto katika kwaya na katika shule tuna la kujifunza kwa mtoto huyo.

Nyumbani Mvita

Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Walipokwisha kuushika mji, walimleta rafiki yao wa siku nyingi, Sultani Ahmad wa Malindi, awe mfalme wa Mombasa. Mwaka 1597 watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino walifika na kujenga nyumba yao mjini, nje ya ngome. Anayepita leo Ndia Kuu katika Mji wa Kale anatembea palepale Wareno walipokuwa na mtaa wao mkuu.

Baada ya Ahmad alitawala mwanawe, Hasan, baba yake Yusuf. Hasan hakupatana na makapteni wa ngome. Yeye alijiona mfalme na mshirika, na wao walimtaka awe mtumishi. Ugomvi ulizidi mpaka mwaka 1614, Hasan akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi kwa watu wa huko. Wareno wakawahonga wenyeji wake, nao wakamuua. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno huko Bara Hindi.

Yusuf wakati huo alikuwa mtoto mdogo. Wengi humkadiria umri wa miaka saba hivi. Naye akapakiwa jahazini, akapelekwa Goa.

Mwaka wa kwanza

Watu wa pwani wanaijua safari hiyo. Chombo huondoka huku kwa upepo wa kusi, na hakirudi mpaka kaskazi ivume. Mtoto aliyepandishwa kwenda Goa hakuweza kubadili nia wiki ya pili akarudishwa kwao. Kwa Yusuf, kurudi kulichukua miaka kumi na zaidi.

Alikabidhiwa kwa Waagostino, watawa wa shirika lile lile lililokuwa Mombasa. Nyumba yao huko Goa, ya Mama Yetu wa Neema, ilikuwa juu ya kilima na ilikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya Kanisa katika Asia nzima. Leo ni magofu, lakini sehemu ya mnara wake bado imesimama. Kengele yake ilihamishwa katika karne ya 19, na hata sasa inalia katika kanisa la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili mjini Panaji.

Siku ya watawa hugawanywa kwa kengele. Huamka kwa kengele, husali kwa kengele, hula kwa kengele. Masifu ya asubuhi, sala za mchana, masifu ya jioni na sala za usiku ziliimbwa kwa Kilatini, upande mmoja ukiitikia mwingine, kama zinavyoimbwa hata leo katika nyumba nyingi za kitawa. Mtoto aliyekulia Kiswahili na adhana ya msikiti aliingia katika mpangilio huo. Ilimbidi ajifunze Kireno cha kuzungumza na Kilatini cha kusali. Alivaa mavazi mapya, akala chakula kipya, akafundishwa katekisimu. Jina la nyumbani likawekwa kando, akaitwa Jerónimo.

Mwalimu yeyote aliyewahi kupokea kidato cha kwanza cha bweni anaujua mwaka huo. Mtoto hujifunza haraka kuliko tunavyodhani. Baada ya muhula mmoja anajua kengele zote, anajua wimbo wa shule, anajua ni mwalimu gani anayependa salamu ndefu. Tukimtazama tunasema ameshazoea. Lakini mtoto anaweza kuzoea na bado amebeba msiba ambao hakuna aliyemuuliza habari zake. Wenzake Yusuf wa leo huacha nyumbani mama anayelia langoni. Yeye aliacha kaburi, na mji aliopelekwa kusomea ni ule ule uliopelekewa kichwa cha baba yake.

Tusiwadharau watawa wale. Walimpa walichokuwa nacho, nacho kilikuwa kizuri: imani, kusoma, kuandika, sala. Mtakatifu Agostino mwenyewe, baba wa shirika lao, alikuwa mtoto wa Afrika, wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria. Naye alipelekwa shule mbali na kwao, na miaka mingi baadaye bado alikumbuka fimbo za walimu. Lakini Agostino alikuwa na Monika aliyemfuata kwa machozi mpaka ng'ambo ya bahari. Kwa Yusuf, waliomlea ni watu wa dola ile ile iliyomuua baba yake. Mapadre walimfundisha kusamehe, na waliokosa walikuwa wamekaa viti vya mbele kanisani.

Mfalme Mkristo

Alikua, akaoa mke Mkristo, akatumikia katika merikebu za Wareno na kujifunza kupiga mizinga. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa na kutawazwa mfalme. Mwaka uliofuata alimwandikia Baba Mtakatifu Urbano VIII barua ya utii. Kwa macho ya watu wa Goa, shule ilikuwa imefaulu. Mwana wa sultani alikuwa amerudi kwao akiwa mfalme Mkatoliki.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Waislamu wa mji walimwona amekuwa Mreno kwa dini na kwa mavazi. Wareno wa ngomeni hawakumhesabu kuwa mwenzao. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau, kama makapteni waliotangulia walivyomdharau baba yake. Alikuwa na taji lakini hakuwa na watu.

Ndipo ikatokea habari kwamba ameonekana kwenye kaburi la baba yake, akisali kwa namna ya Kiislamu. Kapteni alipopelekewa neno hilo alikusudia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Yusuf alikuwa anapelekwa Goa kwa sababu ya baba yake. Safari hii hakukubali.

Agosti 1631

Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia Fort Jesus na watu wake kama aliyekuja kuamkia, akamchoma kapteni kisu. Ngome ikawa mikononi mwake. Alirudi katika Uislamu na kutangaza hivyo mbele ya watu. Wakristo wa mjini walikimbilia nyumba ya Waagostino wakajificha humo. Siku chache baadaye waliambiwa wachague: waiache imani yao au wafe.

Wengi walichagua kufa. Walikuwamo watawa wa Agostino, walikuwamo Wareno, wanaume kwa wanawake, na walikuwamo Waafrika waliobatizwa hapa pwani. Miongoni mwao anatajwa Dom António wa Malindi, binamu wa mfalme mwenyewe. Hao ndio Mashahidi wa Mombasa. Muda si mrefu baadaye Kanisa la Goa lilikusanya ushahidi wa walionusurika, na ndiyo sababu habari zao hazikupotea.

Mwaka 1632 Wareno walileta merikebu kuirudisha ngome, wakashindwa. Ujuzi wa mizinga aliofunzwa kwao ndio aliowapigia. Lakini Yusuf aliona hataweza kukaa humo siku zote. Mwaka huo huo aliiacha Mombasa, akaenda baharini na kuishi maisha ya uharamia. Alifariki mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu, hana kiti wala mji. Wareno waliporudi Agosti 1632 waliikuta ngome tupu. Jiwe la maandishi la mwaka 1635 bado liko juu ya lango la Fort Jesus, na wengi wetu tumepita chini yake na wageni bila kuinua macho.

Somo kwetu

Kwanza, tusiisome habari hii kama deni la kuwadai majirani zetu Waislamu. Tunaishi nao ukuta kwa ukuta, tunazikana na kualikana harusi. Aliyeua alikuwa mtu mmoja mwenye mamlaka na kisasi, pamoja na waliomfuata. Na kisasi hicho kilipandwa na Wakristo waliomuua baba yake.

Pili, tusimtolee Yusuf udhuru wote. António alitoka ukoo ule ule na alijua yaliyoupata ukoo huo. Naye alibatizwa. Hata hivyo alikufa badala ya kuikana imani, na hakumwua mtu. Jeraha la mtu halimlazimishi kuua. Ndiyo maana tunawaheshimu mashahidi. Walikuwa na uhuru wa kuchagua, wakachagua vema.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa kwaya. Jumamosi watoto wanakuja mazoezini. Tunawafundisha sauti ya kwanza na ya pili, tunawasahihisha matamshi ya Kilatini, tunawashonea sare. Mtoto akiimba vizuri siku ya sikukuu tunapiga vigelegele na kusema amelelewa. Inatupasa tujue pia alikotoka kabla ya kufika kwenye kinanda. Nani amefiwa? Nani amehamia kwa shangazi kwa sababu nyumbani hakukaliki? Nani ameumizwa na mtu mzima ambaye kila Jumapili anakaa kiti cha mbele? Anayekosa mazoezi mara tatu apate mtu wa kumfuata nyumbani kabla ya barua ya onyo kuandikwa. Na ikiwa aliyemkosea mtoto ni mmoja wetu, basi kosa litajwe kwa jina lake na haki itendeke. Dola ya Goa ilimpa Yusuf shule, jina, mke na taji. Haikumpa haki ya baba yake, na vyote vingine havikuweza kushika mahali pake.

Katika Misa ya yubile tutawaombea marehemu wa kwaya yetu, waliotufundisha nyimbo hizi. Tutawakumbuka mashahidi waliokufa kisiwani hapa wakiikiri imani. Tukimaliza kuwataja hao, nawaomba ndugu wapendwa tumwombee pia mtoto aliyepakiwa jahazini kwenda Goa, kwa majina yake yote mawili, Yusuf na Jerónimo. Kisha turudi Jumamosi tuwapokee watoto wetu mlangoni, na kabla ya kuwapa noti, tuwaulize habari za nyumbani.

Katibu wa Kwaya