Brian Boru

Brian Boru (kwa Kieire cha kale Brian Bóruma mac Cennétig, takriban 941 – 23 Aprili 1014) alikuwa mfalme wa Munster, kusini mwa kisiwa cha Eire, na tangu mwaka 1002 hadi kifo chake mfalme mkuu wa Eire. Alizaliwa katika Dál Cais, ukoo uliotawala eneo dogo kando ya mto Shannon, katika wilaya ya Clare ya leo. Wazawa wake wanaitwa O'Brien, yaani wazao wa Brian.

Asili ya ukoo

Wakati ule Eire iligawanyika katika falme ndogo zaidi ya 100. Mfalme mdogo alimtii mkubwa kwa kumpa ng'ombe na kumwachia mateka, mara nyingi watoto wa jamaa yake. Cheo cha mfalme mkuu kilishikwa kwa karne nyingi na Uí Néill, ukoo wa kaskazini na katikati ya kisiwa, na Munster ilitawaliwa na Eóganachta kutoka mwamba wa Cashel.

Dál Cais hawakuwa na sifa ya namna hiyo. Walipoanza kupata nguvu katika karne ya 10 walijitungia nasaba iliyowafanya kuwa ndugu wa Eóganachta, ili waweze kudai kiti cha Cashel. Wanahistoria wa leo hawaikubali nasaba hiyo, lakini ilifaa kazi iliyokusudiwa.

Baba yake Brian, Cennétig, alikuwa mfalme wa Thomond, akafariki mwaka 951. Mama yake, Bé Binn, aliuawa na Waviking. Hao walikuwa wamejenga mji wa Limerick kwenye mlango wa Shannon, hivyo Dál Cais waliishi karibu sana na merikebu zao.

Kupanda madarakani

Kaka yake Mathgamain ndiye aliyefungua njia. Aliiteka Cashel, kisha mwaka 967 akawashinda Waviking wa Limerick huko Sulchoid na kuupora mji wao. Mwaka 976 alikamatwa kwa hila na kuuawa na mshindani wake wa Eóganachta, Máel Muad.

Brian alilipiza kisasi haraka. Mwaka 977 alimuua Ivar, mfalme wa Limerick, katika kisiwa kitakatifu cha Scattery, na mwaka uliofuata alimshinda na kumuua Máel Muad. Hata hivyo hakuwafukuza Waviking wa Limerick. Aliwaacha waendelee na biashara, akatumia merikebu kupanda Shannon na kushambulia Connacht na Meath.

Hapo aligongana na Máel Sechnaill, mfalme mkuu wa ukoo wa Uí Néill. Mwaka 982 Máel Sechnaill aliingia Magh Adhair na kuukata mti ambao chini yake wafalme wa Dál Cais walitawazwa; kwao hakuna tusi lililozidi hilo. Vita viliendelea hadi 997, wawili hao walipokutana karibu na Clonfert wakagawana kisiwa: kusini kwa Brian, kaskazini kwa Máel Sechnaill.

Watu wa Leinster na Waviking wa Dublin hawakupenda kuwa chini ya Brian. Mwishoni mwa 999 aliwashinda huko Glenn Máma, akaipora Dublin. Kisha alimrudishia mji mfalme wake, Sitric, akamwoza binti yake, naye mwenyewe akamwoa Gormlaith, mama yake Sitric. Mwaka 1002 Máel Sechnaill alimtii bila pigano kubwa.

Mfalme mkuu

Kutambuliwa kaskazini kulihitaji miaka mingine ya misafara. Watawala wa mwisho walimtii mwaka 1011. Mwaka 1005 Brian alifika Armagh, makao makuu ya Kanisa la Eire, akaweka wakia 20 za dhahabu juu ya altare. Padri wake aliandika katika Kitabu cha Armagh jina lake kama kaisari wa Waeire, cheo ambacho hakuna mfalme wa Eire aliyekuwa amekitumia.

Clontarf

Mwaka 1013 Máel Mórda, mfalme wa Leinster na kaka yake Gormlaith, aliasi pamoja na Sitric. Brian aliizingira Dublin hadi Krismasi, chakula kikamwishia, akarudi nyumbani. Sitric akaita msaada kutoka visiwa vya Orkney na Man.

Majeshi yalikutana Clontarf siku ya Ijumaa Kuu, 23 Aprili 1014. Brian alikuwa mzee asiyeweza kupigana. Jeshi liliongozwa na mwanae Murchad. Jioni wageni walipokimbilia merikebu maji yalikuwa yamejaa, na wengi walizama. Máel Mórda na Sigurd wa Orkney waliuawa, lakini pia Murchad na mwanae. Brian mwenyewe aliuawa na Waviking waliokuwa wakikimbia. Masimulizi yanasema alikuwa hemani akisali. Makasisi wa Armagh walimkesha usiku 12, wakamzika kwao.

Masimulizi maarufu yanamsifu kama aliyeikomboa Eire kutoka kwa Waviking. Sifa hiyo inatokana zaidi na kitabu kilichoandikwa karne moja baadaye kuutukuza ukoo wake. Waviking walipigana pande zote mbili, na kiini cha vita kilikuwa uasi wa Leinster. Sitric, aliyebaki ndani ya kuta za mji, aliendelea kutawala Dublin hadi 1036.

Baada yake

Máel Sechnaill alirudi kuwa mfalme mkuu hadi alipofariki mwaka 1022. Wana wawili wa Brian waligombana. Tadc aliuawa mwaka 1023, na Donnchad alilaumiwa kwa kifo hicho. Donnchad naye alipinduliwa na mtoto wa Tadc, Toirdelbach, akafia Roma akiwa mhujaji. Toirdelbach na mwanae Muirchertach (alifariki 1119) waliufikisha tena ukoo kileleni, ingawa wapinzani hawakuisha. Mwaka 1101 Muirchertach aliutoa mwamba wa Cashel kwa Kanisa, na hivyo Eóganachta hawakuweza tena kuurudia. O'Brien walibaki watawala wa Thomond hadi 1543, Murrough O'Brien alipoacha cheo cha kifalme mbele ya Henry VIII wa Uingereza na kupewa cheo cha lodi.

Kinubi kinachoitwa kinubi cha Brian Boru, kinachotunzwa Trinity College mjini Dublin na ambacho ni kielelezo cha nembo ya taifa, kilitengenezwa karne kadhaa baada ya kifo chake.