Maisha ya Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Ethiopia

Wasomaji wetu walio watu wazima wanalijua jina la Abebe Bikila, na wengi wao wakilisikia hukumbuka jambo moja tu: yule Mhabeshi aliyekimbia Roma miguu mitupu. Ni kweli, alikimbia hivyo. Lakini tukiishia hapo tunamfanya kuwa kitu cha kushangaza tu, wala hatumjui. Tumependa kuyasimulia maisha yake mwezi huu kwa ajili ya vijana wetu wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi, na zaidi kwa ajili ya ndugu zetu walio vitandani na katika viti vya magurudumu, ambao mwisho wa habari hii unawahusu kuliko mwanzo wake.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Berhan, Ethiopia. Siku hiyo hiyo, mbali sana huko Los Angeles, Marekani, wakimbiaji wa Olimpiki walikuwa wakishindana katika marathoni. Bila shaka pale Jato hakuna aliyekuwa na habari. Baba yake alikuwa mchungaji wa mifugo, na mtoto naye akakua nyuma ya mifugo. Alikuwa na miaka mitatu tu Waitalia walipoivamia nchi yake mwaka 1935, na jamaa yake ikalazimika kuhamia mahali pa mbali kwa muda. Alipokuwa kijana alipenda kucheza gena, mchezo wa fimbo na mpira ambao Waethiopia huucheza hasa wakati wa Krismasi, na ambao pengine magoli yake huwa mbali sana, hata mchezaji hana budi kuwa na pumzi nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Addis Ababa, akaandikwa askari wa kawaida katika kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hapo ndipo mbio zilipoanza, ingawa yeye mwenyewe hakuziita mbio. Alikuwa akitoka vilima vya Sululta kwenda mjini na kurudi, yapata kilomita 20 kila siku, kwa miguu yake, kama watu wengine wanavyokwenda kazini. Husimuliwa kwamba siku moja aliona gwaride la wanamichezo waliovaa mavazi yenye jina la nchi yao mgongoni, akauliza ni akina nani, akaambiwa ni wale waliokwenda kuiwakilisha Ethiopia katika Olimpiki. Tangu siku hiyo akatamani kuvaa vazi lile.

Tamaa peke yake haimfikishi mtu popote. Kulikuwako mtu mmoja, Onni Niskanen, mzaliwa wa Finland na raia wa Sweden, aliyekuja Ethiopia mwaka 1946 na kupewa kazi ya kuwafunza askari mazoezi ya mwili. Huyu ndiye aliyemwona Abebe. Alimfundisha kukimbia kwa kipimo, kupanda vilima, kuongeza mwendo na kuupunguza kwa makusudi, na kuushika mwili wake kama mtu ashikavyo chombo cha thamani. Tena kulikuwako Wami Biratu, askari mwenzake, ambaye katika mashindano ya majeshi ya mwaka 1956 alimshinda Abebe na kumwacha wa pili. Sisi tunadhani Wami alimfaa sana. Mtu akiwa na mwenzake wa kumkimbiza kila siku hawezi kulala usingizi wa sifa. Naye Mamo Wolde, kijana wa kikosi hicho hicho, tutakutana naye mbele.

Kwa wasiojua, marathoni ni mwendo wa kilomita 42 na mita 195 bila kupumzika. Mazoezi yake yote Abebe aliyafanya katika nchi ya juu, maana Addis Ababa iko kiasi cha mita 2,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na kifua hujifunza kutumia kidogo kinachopatikana. Katika mwezi wa Machi 1960 alimwoa Yewebdar Wolde-Giorgis. Mwezi wa Julai akakimbia marathoni yake ya kwanza, akashinda. Mwezi mmoja baadaye akakimbia tena mjini Addis Ababa kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko ule uliomshindisha Emil Zátopek katika Olimpiki ya mwaka 1952, lakini ulimwenguni hakuna aliyesikia, na kama wapo waliosikia hawakusadiki.

Basi wakafika Roma. Viatu alivyopata huko havikumkaa vizuri, vikamtoa malengelenge. Kwa kuwa alikuwa amezoea kukimbia bila viatu katika mazoezi, yeye na mwalimu wake waliamua avivue. Haikuwa umaskini, wala haikuwa maonyesho. Ilikuwa akili ya mtu anayeijua miguu yake.

Mbio zilifanyika jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, ili kukwepa jua. Zilianzia chini ya kilima cha Capitolino, na kabla hazijaisha giza lilikuwa limeingia, askari wakasimama kando ya njia wakiwa na mienge mikononi. Sehemu ya mwisho ya njia ilipita juu ya mawe ya Barabara ya Apio. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba kwa barabara hiyo Mtume Paulo aliingia Roma akiwa mfungwa, na kwamba ndugu walitoka mjini hata Soko la Apio kumlaki, naye alipowaona akamshukuru Mungu na kujipa moyo. Hatusemi kwamba Abebe aliyafikiri hayo jioni ile. Alikuwa na kazi nyingine. Niskanen alikuwa amemwonya amwangalie Mmoroko aitwaye Rhadi, mwenye namba 26. Kumbe Rhadi alikuwa amevaa namba 185. Abebe akakimbia njia nzima akimtafuta namba 26 asimwone, na huku bega kwa bega naye anakimbia mtu mwenye namba 185, wala hajui kwamba ndiye.

Karibu na mwisho wa njia ulisimama mnara mrefu wa jiwe, uliochongwa na Waethiopia wa kale mjini Aksum. Askari wa Mussolini walikuwa wameuchukua mwaka 1937 na kuusimamisha Roma kama nyara ya vita. Abebe na mwalimu wake walikuwa wamekwenda kuiangalia njia kabla ya mbio, wakapatana kwamba hapo, penye jiwe la baba zake, ndipo atakapoongeza mwendo. Na hapo akauongeza. Alifika kwenye Tao la Konstantino peke yake kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haujapata kufikiwa na mtu yeyote katika marathoni hadi siku hiyo, Rhadi akifuata sekunde 25 nyuma. Mwenzake Abebe Wakgira, ambaye watu husahau kumtaja, alikuwa wa saba. Na kuhusu jiwe lile, Italia ililirudisha mwaka 2005, likasimamishwa tena Aksum mwaka 2008.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe kubwa. Lakini katika Desemba ya mwaka huo huo wakuu wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme, wakashindwa, na Abebe naye akatiwa kizuizini kwa muda mfupi kabla ya kuachiliwa. Miezi mitatu tu ilipita kati ya shangwe na kizuizi. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, pamoja na Mamo Wolde. Walianza kwa kasi kubwa, baridi na vilima vikawapiga, Abebe akawa wa tano na Mamo wa kumi na mbili. Vijana wetu wanaokata tamaa kwa sababu ya mashindano ya Jumamosi moja na waikumbuke Boston.

Katika Septemba ya mwaka 1964, ilipokaribia Olimpiki ya Tokyo, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa. Zilibaki siku 35 tu. Hata hivyo tarehe 21 Oktoba alikuwako Tokyo, safari hii akiwa na viatu, akaongoza peke yake sehemu kubwa ya njia, akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika nne mbele ya mtu wa pili. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Watu walikuwa wakimngojea aanguke kwa uchovu. Yeye akalala chali juu ya majani na kuanza kunyosha miguu hewani, kama mtu aliyetoka kuamka.

Mexico City, mwaka 1968, ulikuwa mwisho wa kukimbia kwake. Alianza akiwa na mguu ulioumia, na baada ya kilomita 17 hivi hakuweza tena. Kabla ya kutoka njiani alimwambia Mamo Wolde kwamba yeye hatamaliza, na kwamba kazi ya kushinda sasa ni yake. Mamo akaenda, akaichukua medali ya dhahabu, ya tatu mfululizo kwa Ethiopia. Twaona si jambo dogo kwa bingwa wa mara mbili kukabidhi kazi yake kwa mwenzake pale pale njiani, bila kijicho. Katika mbio hizo hizo Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyekuwa ameanguka na kuumia goti, aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo, mguu umefungwa bendeji. Watu wa nchi zetu wamelisimulia sana jambo hilo, na ni haki yao.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo la Volkswagen. Likapinduka. Alikaa amenaswa ndani yake mpaka asubuhi, na alipotolewa hakuweza kusogeza kiungo chochote kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa miezi minane. Hospitali hiyo ina habari yake. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kuwatibu huko askari waliovunjika uti wa mgongo, akakataa walazwe tu wakingoja kufa. Mwaka 1948 aliwaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde wakiwa katika viti vyao. Na mwaka 1960, katika Roma ile ile, siku chache baada ya ushindi wa Abebe, watu wapatao 400 wenye viti vya magurudumu walishindana huko kwa msaada wa daktari huyo. Yumkini Abebe alikuwa amekwisha kurudi kwao, naye hakujua kwamba mashindano yale siku moja yangekuwa yake.

Barua za pole zilimjia kutoka pande nyingi za dunia. Mikono yake ikaanza kupata nguvu tena, lakini miguu haikurudi. Watu walimwuliza, kama watu wanavyowauliza wagonjwa hata leo, ameyapokeaje hayo. Abebe alikuwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kanisa la zamani kuliko mengi yanayojisifu. Jibu lake lilikuwa kwamba ushindi wake aliupokea kama mapenzi ya Mungu, na ajali aliipokea vivyo hivyo. Maneno haya ni rahisi kuyasema mimbarani. Yanapotoka kwa mtu ambaye miguu yake ndiyo iliyokuwa kazi yake na heshima yake, sisi tunanyamaza kidogo. Wala tusidhani kwamba aliyasema kwa sababu hakuumia moyoni. Aliyapenda mashindano, naye akarudi kuyafanya kwa viungo alivyobaki navyo.

Mwaka 1970 alishindana Uingereza kwa upinde na mpira wa meza, akiwa katika kiti chake. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwa mashindano ya walemavu, na huko Mwethiopia huyu alishinda mbio za kilomita 25 juu ya theluji, akiendesha sleji iliyokokotwa na mbwa. Mwaka 1972 alialikwa kuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake watu walisimama na kumpigia makofi. Mamo Wolde alikuwa wa tatu katika marathoni ya mwaka huo. Mshindi, Frank Shorter wa Marekani, alipokwisha kupata medali yake alikwenda kumpa Abebe mkono.

Abebe alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41, kwa kuvuja damu ubongoni, jambo lililotokana na ile ajali. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Addis Ababa. Watu wapatao 65,000 walihudhuria maziko, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Alimwacha mkewe Yewebdar na watoto wanne, ambao mmoja wao, Tsige, baadaye aliandika kitabu cha maisha ya baba yake.