Lindsay Anderson: Mtoto wa ofisa aliyempeleka mchimba makaa kwenye sinema

Mchezaji wa kulipwa hushangiliwa siku ya mechi. Lakini mwili wake unapoumia, anabaki na nani? Swali hilo liliulizwa mwaka 1963 katika filamu ya Uingereza iitwayo This Sporting Life. Aliyeiongoza ni Lindsay Anderson, mtu ambaye hakuwahi kuishi maisha ya mgodini.

Anderson alizaliwa Aprili 17, 1923, mjini Bangalore, India, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Kijana huyo alisomeshwa Cheltenham, shule ya watoto wa wenye nafasi, kisha Chuo Kikuu cha Oxford.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yeye na wenzake waliendesha jarida la filamu liitwalo Sequence. Kilichomkera ni kwamba sinema za nchi yake ziliwatukuza watu wa tabaka la juu, huku mfanyakazi akiwekwa pembeni ili achekeshe watu.

Mwaka 1948 alipata kazi ya kutengeneza filamu fupi ya kampuni moja ya Wakefield, mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kazi ya kamera. Baadaye alitengeneza filamu kuhusu shule ya watoto viziwi, Thursday's Children, ambayo ilipata tuzo ya Oscar. Mwaka 1957 alitoa nyingine kuhusu wachuuzi na wapagazi wa soko la Covent Garden, London, wanaoamka usiku wa manane watu wengine wakiwa wamelala.

Akiwa anakaribia miaka 40, alirudi Wakefield kutengeneza filamu yake ndefu ya kwanza. Hadithi iliandikwa na David Storey, mtoto wa mchimba makaa wa mji huohuo, ambaye mwenyewe aliwahi kucheza raga ya kulipwa.

Hii ni raga ya wachezaji 13 kila upande. Ilianza mwaka 1895, klabu za kaskazini zilipojitenga na chama cha raga. Sababu ilikuwa fedha. Wachezaji wao walikuwa wafanyakazi, na klabu zilitaka kuwafidia ujira waliopoteza walipoacha kazi kwenda kucheza. Chama kilikataa.

Katika filamu, Frank Machin, mchimba makaa, anasajiliwa kwa pauni 1,000. Anapanga chumba kwa Bi Hammond, mjane aliyefiwa na mumewe kazini. Viatu vya marehemu bado viko karibu na moto, vikipigwa rangi kila mara. Machin anampenda mama huyo, ila hajui njia nyingine zaidi ya nguvu, ileile anayolipwa kuitumia uwanjani. Anavunjwa meno, anampoteza mwanamke huyo, na bado anarudi kucheza kwenye matope. Matajiri wa klabu wanamhitaji maadamu bado anaweza kukimbia.

Richard Harris, aliyeigiza kama Machin, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes. Hata hivyo, filamu haikuingiza fedha nyingi, na wenye mitaji waligeukia hadithi nyepesi.

Anderson hakulainika. Mwaka 1968 alitoa If...., inayoonyesha wanafunzi wakiasi katika shule ya bweni kama ile aliyosoma yeye, na sehemu yake ilipigwa picha hapohapo Cheltenham. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Mwaka 1971 aliongoza jukwaani tamthilia ya Storey, The Changing Room, inayohusu wachezaji wa raga wakiwa katika chumba cha kubadilishia nguo.

Alifariki dunia Agosti 30, 1994, nchini Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 71. Katika miaka yote hiyo ya kazi, filamu ndefu alizotengeneza kwa ajili ya sinema hazikufika hata kumi.